Dubu Wachezao, Watu Wachezeshwao

Kitabu tunachokihakiki hapa si riwaya wala tamthilia. Ni masimulizi ya mambo ya kweli yaliyoandikwa na Witold Szabłowski, mwandishi wa habari wa Poland. Yalitoka kwa Kipolishi mwaka 2014, na kwa Kiingereza mwaka 2018 kwa jina la Dancing Bears. Huenda mwalimu akauliza: habari za dubu zatuhusu nini sisi, ambao hata neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na ambao wanafunzi wetu humjua mnyama huyo kwa picha tu? Jibu letu ni kwamba kitabu kizima kimesimama juu ya istiari moja, na istiari hiyo haina budi kupimwa uzito.

Sehemu ya kwanza yatupeleka Bulgaria. Huko, kwa vizazi vingi, baadhi ya Waroma walijipatia riziki kwa kuzunguka na dubu vijijini na kwenye pwani za watalii. Dubu alitobolewa pua, akatiwa pete ya chuma na kufungwa mnyororo. Bwana wake akipiga gadulka, yaani aina ya zeze, mnyama alisimama kwa miguu ya nyuma akayumba. Mwaka 2000 shirika la Four Paws, pamoja na wakfu wa Brigitte Bardot, lilifungua makao ya dubu hao karibu na mji wa Belitsa, katika milima ya Rila. Mwaka 2007, mwaka ule ule Bulgaria ilipoingia katika Umoja wa Ulaya, dubu wa mwisho waliokuwa wakichezeshwa walipelekwa huko.

Hapa ndipo ustadi wa mwandishi unapoonekana. Haanzi na mateso. Anaanza na mapenzi. Mwenye dubu anasimulia jinsi alivyompenda mnyama wake kama jamaa wa nyumbani, nasi tunamsadiki, huku ile pete ingali mbele ya macho yetu. Kisha tunaingia katika makao. Pete hukatwa. Chakula hufichwa huku na huku ili dubu ajifunze kutafuta. Aliyekuwa hajapata kulala usingizi wa majira ya baridi sharti afundishwe kulala. Dume huhasiwa, wasizaane. Hawawezi kurudishwa mwituni, maana huko hawajui kuishi, kwa hiyo uhuru wao una uzio wa umeme. Na hata baada ya miaka, wapo ambao wakimwona mtu husimama na kuanza kucheza tena. Mandhari hii imechorwa kwa sentensi fupi, bila machozi ya mwandishi, na inachoma.

(Tukisema kwa kupita: makao ya namna hii tuyaiteje kwa Kiswahili? Si bustani ya wanyama, wala si hifadhi kama tuijuavyo. Hapa Uganda tunacho kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Viktoria, ambako sokwe yatima wametunzwa tangu 1998, nao pia kwa uzio wa umeme. Hata hivyo kila mtu hukiita jina lake. Sisi tumechagua “makao”, mpaka apatikane mwenye neno bora.)

Tatizo linaanza katika sehemu ya pili. Sura zake zimepewa majina yale yale ya sehemu ya kwanza, lakini wahusika sasa ni binadamu: Mpolandi asiye na makazi katika kituo cha mabasi cha Victoria mjini London, Waalbania wanaovunja mahandaki ya saruji, wanawake wanaotunza jumba la makumbusho la Stalin huko Gori, Georgia. Dhamira iko wazi: hawa nao walivuliwa pete, nao bado wanacheza.

Katika ngano zetu sungura na fisi husema kwa niaba ya watu, na kwa njia hiyo mnyonge hupata ulimi. Szabłowski amegeuza mwendo huo: watu wenye ulimi wao wenyewe wamewekwa mahali pa mnyama asiyesema. Dubu hawezi kutueleza kwa nini anasimama. Mama wa Gori anaweza, na anaeleza. Ila jina la sura limekwisha kumhukumu kabla hajafumbua kinywa. Anayekumbuka kazi na posho aliyokuwa nayo zamani huenda ana hoja, si mazoea tu ya mnyororo.

Ajabu ni kwamba ushahidi dhidi ya istiari hii umo kitabuni humo humo. Katika kijiji kimoja cha Poland, ambako shamba la serikali lilivunjwa na watu wakabaki bila kazi, wenyeji wanavaa mavazi ya hobiti, wale watu wafupi wa hadithi za Tolkien, na kuwachezea watalii. Hapo anayecheza ni nani? Huyu hachezi kwa kuukumbuka utumwa wa jana. Anacheza kwa sababu uhuru wa leo haukumwachia riziki nyingine. Mwandishi ameliona jambo hilo, amelieleza kwa ucheshi, kisha akalipita.

Waroma nao wamepotea njiani. Tunawasikia walipokuwa wakishauriana juu ya kuwatoa dubu wao. Katika sehemu ya pili, iliyozunguka nchi nyingi kutafuta watu walioachwa nyuma na mabadiliko, hakuna sura iliyorudi kwao.

Mwalimu atakayekitumia darasani na aichukue sehemu ya kwanza peke yake, awasomee wanafunzi habari za usingizi wa majira ya baridi, kisha awaulize ni nani aliyekosa kusemeshwa.