Fundi Anayejua Kungoja

Fundi mzuri wa friji utamtambua wakati amekaa hafanyi kitu. Mabomba yameshaungwa, nati zimekazwa, mtungi wa gesi uko pembeni, naye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye geji. Mama mwenye nyumba anapita mara ya pili na uvumilivu unamwishia: "Fundi, mbona umekaa tu?" Anajibiwa kwa upole, "Mama, kazi inaendelea." Wala si uongo. Katika kufunga hita ya maji inayotumia pampu ya joto, sehemu kubwa ya ufundi ni kujua kipi kinahitaji muda, na kukataa kuharakishwa na mtu yeyote, hata yule anayelipa.

Hita za aina hii bado si nyingi kwetu. Ukifika Arusha mwezi wa Juni au Julai, baridi ya alfajiri inaposhuka hadi nyuzi 12 au 13, utakuta watu wanaoga maji ya sufuria, ya hita ya koili, au yaliyopashwa na jua juu ya paa. Pampu ya joto ni mgeni kati ya hayo, lakini ni mgeni mwenye ndugu karibu kila nyumba. Weka kiganja ubavuni au nyuma ya friji yako ikiwa inanguruma: pana joto. Joto hilo limetolewa ndani, kwenye maziwa na nyama, likatupwa jikoni. Hita hii hufanya kazi hiyohiyo kwa shabaha tofauti: huchukua joto la hewa ya uani na kulisukuma kwenye tangi la maji. Gesi ikiwa kimiminika baridi hupita kwenye koili, hupokea joto la hewa na kuwa mvuke. Kompresa huigandamiza ikapanda moto. Ikizunguka tangi huyaachia maji joto lake na kugeuka kimiminika, kisha hupitia tundu jembamba ambako shinikizo hushuka na baridi hurejea. Mzunguko huanza upya.

Faida yake utaiona kwenye mita ya umeme ya LUKU. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunahitaji nishati ya uniti 6 hivi. Hita ya koili italipia zote sita, maana yenyewe hutengeneza joto. Pampu ya joto haitengenezi, inahamisha. Katika hali ya hewa kama yetu inaweza kuimaliza kazi hiyo kwa uniti 2 hivi, na zile 4 zikatoka hewani bure. Wazo lenyewe ni la zamani: mwanasayansi William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852. Lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Kama itatimia uani kwako au haitatimia, hilo huamuliwa na mikono ya fundi.

Upande wa kununua hauhitaji maneno mengi. Kuna mashine ya kipande kimoja, ambayo gesi yake imefungiwa kiwandani na kinachobaki ni maji na umeme. Kuna na ya vipande viwili, tangi upande mmoja na mashine ya nje upande mwingine, ambavyo lazima fundi aviunganishe kwa mabomba ya shaba. Familia ya watu wanne kwa kawaida hutosheka na lita 150 hadi 200. Soma kibao cha mashine ujue inatumia gesi gani, na uulize kama kompresa na bodi ya umeme vinapatikana nchini. Angalia pia ilivyosafirishwa. Mashine iliyolazwa kwenye lori kutoka Dar es Salaam, oili ya kompresa inaweza kuwa imetembea kwenda kusikotakiwa. Fundi anayejiheshimu huisimamisha wima na kuiacha hadi kesho yake ndipo aiwashe.

Tuitazame ile ya vipande viwili, maana ndiyo inayomuumbua fundi. Bomba la shaba halikatwi kwa msumeno. Lina kikata chake chenye gurudumu dogo, kinachozungushwa na kukazwa kidogo kidogo hadi bomba liachie lenyewe. Ukikaza kwa pupa, bomba linabonyea na uduara wake unapotea. Kisha makali ya ndani hukwanguliwa, mdomo wa bomba ukiwa umetazama chini ili chenga zidondoke nje. Moja ikiingia ndani, siku isiyojulikana itafika kwenye lile tundu jembamba na kuliziba. Nati huvishwa kabla ya mdomo kutanuliwa, na wanafunzi wengi huisahau, wakalazimika kukata upya. Mdomo ukishatanuka kama tarumbeta, fundi huugeuzageuza kwenye mwanga. Anatafuta mkwaruzo, ufa, au upande uliozidi mwingine kwa upana. Nimewaona mafundi wakiukata na kuutupa mdomo ambao mimi niliuona hauna kasoro. Baada ya hapo ni tone la oili, nati ikazungushwa kwa vidole kwanza, kisha ikakazwa kwa spana yenye kipimo: kwa bomba la inchi 3/8 ni Nm 34 hadi 42. Ikilegea, gesi itatoroka. Ikizidi, shaba itapasuka na gesi itatoroka vilevile.

Penye kiungo cha moto mambo ni magumu zaidi. Shaba ikichomwa huku kuna hewa ya kawaida ndani yake, ukuta wa ndani huota utando mweusi, magamba ambayo baadaye hubanduka na kusafiri pamoja na gesi. Kwa nje kiungo kinang'aa, huwezi kujua. Fundi makini hupitisha nitrojeni taratibu ndani ya bomba muda wote anapochoma, ili oksijeni isipate nafasi. Pasua viungo viwili uvitazame. Cha aliyetumia nitrojeni bado kina rangi ya shaba mpya ndani. Cha aliyepuuza kimekuwa cheusi. Ukikikwangua kwa ukucha, unga unabaki kidoleni. Na nani atapasua bomba nyumbani kwako akaangalie? Hakuna. Heshima ya kazi hii ndiyo hiyo: ubora wake umefichwa mahali ambapo mteja hatafika kamwe.

Kisha mfumo hulala. Nitrojeni huingizwa hadi shinikizo alilotaja mtengenezaji, tuseme psi 300, viungo vikapakwa povu la sabuni, na mashine ikaachwa mpaka asubuhi. Kunapokucha, sindano inasoma 290. Asiye na uzoefu ataanza kufungua kila kiungo akitafuta tundu. Mzoefu atatazama kwanza alichokiandika ukutani kwa penseli pembeni ya namba ya shinikizo, nacho ni joto la hewa. Jana saa kumi alasiri lilikuwa nyuzi 24. Asubuhi hii ni 14. Gesi ikipoa shinikizo lake hushuka, na kwa tofauti ya nyuzi 10, kupungua psi 10 hivi ni jambo la hesabu, si la kuvuja. Jua likipanda, sindano nayo itapanda. Fundi asiyeandika joto, namba yake ya shinikizo haimwambii kitu.

Hata hivyo, kungoja kukubwa kuliko kote ni kule kwa kuvuta vakyumu. Nitrojeni hutolewa, pampu ndogo ya umeme hufungwa, na kila kilichomo ndani ya mabomba hunyonywa. Wengi hudhani kinachofukuzwa ni hewa tu. Adui mkubwa ni unyevu. Maji yakibaki ndani, huungana na oili na joto la kompresa vikazaa asidi inayokula waya za mota polepole, na mashine hufa wakati fundi ameshasahaulika. Unyevu huo haufutiki kwa kitambaa. Dawa yake ni kushusha shinikizo mpaka maji yachemke bila moto, yawe mvuke, kisha yanyonywe. Hata pampu ikiwa na nguvu kiasi gani, unyevu hutoka kwa wakati wake.

Hapa mwinuko nao una neno lake. Geji ya sindano hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa inayotuzunguka. Dar es Salaam au Mombasa, vakyumu kamili husomeka karibu na 30 chini ya sifuri, kwa kipimo cha inchi za zebaki. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Sindano itagota kwenye 25 na haitasogea hata pampu ingurume wiki nzima. Aliyejifunzia pwani anaweza kudhani pampu yake ni mbovu au bomba linavuja. Ndiyo maana walio makini hutumia geji ya kielektroniki inayohesabu mikroni kuanzia utupu kamili, isiyojali kama uko bandarini au mlimani. Huishusha hadi chini ya mikroni 500, hufunga valvu, huzima pampu, hutazama. Namba ikipanda kidogo na kutulia, mabomba ni makavu. Ikipanda na kutulia mahali pa juu, maji bado yapo. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu.

Hapo ndipo msaidizi huuliza, "Kaka, nifungulie gesi?"

"Bado, mdogo wangu. Ngoja itulie."

Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na kijana hutoka huko akijua kukata, kutanua na kuchoma. Lakini hiyo "bado" huwa anaipata kwa kukaa karibu na mkubwa wake kazini.

Upande wa maji una adabu zake. Maji baridi huingia chini ya tangi, ya moto hutokea juu. Bomba la plastiki la kawaida hulegea likipata joto, hivyo panahitajika PPR ya maji ya moto. Kwa wengi wetu maji hushuka kutoka kwenye tenki la mnara, na kila mita ya kimo huleta bar 0.1 tu, hivyo fundi mwaminifu hupima mnara kabla ya kumwahidi mtu bafu lenye kasi. Tena lita 150 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, huongezeka kwa lita 2 na ushee. Ongezeko hilo lazima lipate pa kwenda: ama lirudi kuelekea tenki la juu, ama litoke kwenye valvu ya usalama. Anayeiziba valvu hiyo kwa sababu "inadondosha" anahatarisha nyumba nzima na waliomo. Umeme nao, ukikatika na kurudi ghafla, kompresa haitakiwi kuwaka papo hapo. Shinikizo la pande mbili linahitaji dakika 3 hivi kusawazika. Mashine nyingi huchelewa zenyewe, lakini kwa umeme wetu si vibaya kuongeza kifaa cha kulinda kama kile cha friji.

Matunzo yake si mengi, ila hayasameheki yakisahauliwa. Ndani ya tangi la chuma lililopakwa enameli kuna fimbo ya magnesiamu, na kazi ya fimbo hiyo ni kuliwa. Kutu huanza nayo badala ya tangi. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili fundi huifungua. Ikitoka nene, hata kama ina vishimo, hurudishwa. Waya wa katikati ukionekana mtupu, huwekwa mpya. Vibati vyembamba vya aluminiamu kwenye koili hushika vumbi la kiangazi, navyo husuguliwa kwa brashi laini kwa kufuata mistari yake, kamwe si kwa kuikata, maana hupinda kwa kuguswa tu. Valvu ya usalama huinuliwa mara moja moja kuona kama bado inapumua. Na maji yapandishwe hadi nyuzi 60 mara kwa mara, kwa kuwa bakteria wa Legionella hustawi kwenye uvuguvugu wa kati ya nyuzi 20 na 45.

Ipo subira nyingine ambayo mteja haioni kwenye bili. Zamani fundi akitaka kufungua mfumo alilegeza nati na kuiacha gesi iende zake. Lakini kilo moja ya gesi aina ya R134a huchangia joto la dunia mara 1,430 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na R410A huzidi mara 2,000. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za ukoo huo hatua kwa hatua, ikiwa ni marekebisho ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Fundi wa leo anatakiwa kuinyonya gesi ya zamani na kuirudisha mtungini. Baadhi ya mashine mpya hutumia propani, yaani R290, au kaboni dioksaidi yenyewe, kama zile za EcoCute zilizoingia sokoni Japani mwaka 2001. Propani hushika moto, kwa hiyo inadai nidhamu zaidi ya ile tuliyoizoea.

Basi ukiamua kununua, tafuta fundi kabla ya mashine. Usianze kwa kumuuliza atamaliza saa ngapi. Muulize kama ana mtungi wa nitrojeni, kama ana geji ya mikroni, na gesi ya zamani anaipeleka wapi. Akijibu bila kusita, mlipe anachostahili. Asiye na majibu hayo, hata akiwa wa bei nafuu kuliko wote mjini, atakugharimu kompresa.