Andika Unachotarajia Kabla ya Kubonyeza

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili jioni. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akaingia kwenye habari yenyewe: amepata nafasi ya mafunzo kazini, kitengo cha kujaribu programu, na anaanza baada ya wiki tatu.

"Mjomba, kozi ya Selenium nimeshamaliza," akasema. "Sasa nisome nini?"

Nikamwambia asisome kitu. Aje nyumbani na daftari na kalamu, kompyuta aiache.

Selenium ni chombo kizuri. Tangu 2004 kimewaokolea wajaribu wengi kazi ya kubonyeza vitufe vilevile kwenye kivinjari kila siku. Lakini chombo hicho hurudia jaribio ulilolifikiria wewe. Kama hujafikiri vizuri, kitarudia ujinga wako kwa kasi, na mwisho kitakuonyesha alama ya kijani.

Zoezi la kwanza nililompa lina umri mkubwa kuliko wake. Glenford Myers aliliweka mwanzoni mwa kitabu chake The Art of Software Testing, kilichotoka mwaka 1979. Kuna programu inayopokea namba nzima tatu, kila moja ikiwa urefu wa upande mmoja wa pembetatu. Programu inajibu kama pande zote tatu ni sawa, kama mbili tu ndizo sawa, au kama zote zinatofautiana. Kazi yako ni kuandika majaribio ambayo ukiyafanya utaridhika kwamba programu iko sawasawa.

Alimaliza kwa dakika nne. Aliandika 5, 5, 5. Chini yake 5, 5, 8. Kisha 3, 4, 5. Akafikiri kidogo, akaongeza 0, 0, 0, akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza mtihani mapema.

Myers ana maswali 14 ya kujisahihishia. Mpwa wangu alipata manne. Nilimwambia asivunjike moyo, maana Myers mwenyewe aliandika kwamba wanaprogramu wenye ujuzi walipata wastani wa 7.8.

Tukaanza kupitia alichokosa. Namba 1, 2, 3 zote ni halali na zote zinazidi sifuri, lakini moja na mbili zikijumlishwa zinapata tatu kamili. Ukizichora, pembetatu inalala chini na kuwa mstari. Namba 1, 2, 4 ni mbaya zaidi, kwa sababu pande mbili fupi hazikutani kabisa. Programu iliyoandikwa haraka haraka itajibu "pande zote zinatofautiana" na kuendelea na shughuli zake.

Halafu kuna suala la mpangilio. Kwa macho yetu 5, 5, 8 na 5, 8, 5 ni pembetatu ileile. Programu haioni hivyo. Tuseme mwandishi wake amelinganisha upande wa kwanza na wa pili, kisha wa pili na wa tatu, akasahau wa kwanza na wa tatu. Ukiipa programu 5, 5, 8 inapita. Ukiipa 8, 5, 5 inapita pia. Ukiipa 5, 8, 5 inaanguka, na wewe uliyejaribu mpangilio mmoja tu umeshakwenda kunywa chai.

Kulikuwa na namba hasi, namba yenye desimali kama 2.5, na mtu anayeingiza namba mbili badala ya tatu. Haya yote aliyakubali huku akitikisa kichwa. Swali la 14 ndilo lililomfanya abishe. Linauliza kama kwa kila jaribio uliandika jibu unalotarajia.

"Si nitaliona kwenye skrini, mjomba?"

Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapokwama, na mimi nilikwama hapohapo zamani. Ukingoja kuona skrini itasema nini, skrini ndiyo itakayokufundisha la kuamini. Programu ikijibu kwamba 1, 2, 3 ni pembetatu yenye pande zinazotofautiana, jibu utaliona la busara tu, maana kweli moja si mbili na mbili si tatu. Utaweka tiki. Lakini kama ulikwishaandika kwa wino "programu ikatae, hii si pembetatu", jibu lilelile litakushtua. Kasoro ni pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na asiyekuwa na tarajio hana pengo la kuliona.

Tukapiga mistari kwenye daftari, safu tatu: ninachoingiza, ninachotarajia, kilichotokea. Nikampa sharti moja. Haruhusiwi kugusa kitufe kabla safu ya pili haijajaa.

Wiki ya pili nilimruhusu kufungua kompyuta. Nilikuwa nimemtengenezea fomu ndogo ya kutuma pesa, ya mazoezi tu, isiyounganishwa na chochote. Ilikuwa na kisanduku cha jina la mpokeaji, cha namba ya simu, cha kiasi, na cha saa ya kutuma. Ndani yake nilificha kasoro saba kwa makusudi. Sikumwambia ni ngapi.

Nilimtengenezea fomu kwa sababu ya kuogopa. Anayeanza akishaonja utamu wa kuvunja vitu hutamani kujaribu kwenye mfumo wa benki yake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina yake ya 2018. Kuingilia mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa, hata kama nia yako ni kujifunza. Mazoezi yafanyie kwenye programu yako, au kwenye ile ambayo mwenyewe amekupa idhini.

Alianza na kiasi. Kanuni ilikuwa kwamba mtu atume kuanzia shilingi 1,000 hadi 1,000,000. Huwezi kujaribu namba milioni nzima, wala huna haja. Unazigawa katika makundi matatu: zilizo chini ya kiwango, zilizo ndani, na zilizo juu. Namba 40,000 na 70,000 zinapita mlango mmoja, kwa hiyo moja inatosha kuwakilisha nyingine. Kasoro hupenda kukaa kizingitini. Mwanaprogramu aliyetaka kuandika "isipungue elfu moja" huteleza akaandika "izidi elfu moja", na tofauti hiyo haionekani popote isipokuwa kwenye 1,000 yenyewe. Kwa hiyo akaandika sita: 999, 1,000, 1,001, kisha 999,999, 1,000,000 na 1,000,001. Kasoro yangu ya kwanza ilinaswa kwenye ile 1,000.

Kizingiti kimewahi kuangusha roketi. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou, Guyana ya Ufaransa, Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza. Haikumaliza hata dakika moja, ikapotea njia na kulipuka. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila matatizo. Ndani yake thamani moja inayotokana na kasi ya mlalo ilihamishiwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, thamani ikafurika, na kompyuta za kuongoza safari zikazimika. Sehemu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa mwendo halisi wa Ariane 5. Tarajio lilikuwepo, ila lilikuwa la roketi nyingine.

Baada ya mipaka nikamwambia asahau hesabu, awakumbuke watu. Mama wa sokoni huandikaje elfu kumi? Huandika 10,000 yenye mkato. Huandika 10000/= kama kwenye risiti. Wengine huandika "10 000". Namba ya simu nayo huanza na 0, au 255, au +255, na ukiinakili kutoka kwenye ujumbe huja na nafasi katikati au nafasi mwishoni isiyoonekana kwa macho. Kila moja aliiandikia tarajio. Fomu yangu ilikuwa inasoma 10,000 kama kumi kwa sababu ya mkato. Hiyo niliificha mimi, na aliikuta.

Alibonyeza "Tuma" mara mbili harakaharaka kama mtu mwenye mtandao wa kusuasua, na pesa zikaenda mara mbili. Nilimwonyesha kitufe cha F12 kwenye Chrome. Ukikibonyeza, kwenye kivinjari panafunguka dirisha linaloonyesha kila ombi linalokwenda kwenye seva na majibu yake, na unaweza kuupunguza mtandao kasi kwa makusudi. Pale aliona maombi mawili yanayofanana yakitoka yakifuatana. Sasa hakuwa tena na malalamiko tu kwamba "inatuma mara mbili". Alikuwa na ushahidi.

Ushahidi huo lazima uandikwe. Ripoti yake ya kwanza ilikuwa na maneno manne: "Kitufe cha kutuma kibovu." Mwanaprogramu atakayeisoma atabonyeza mara moja, ataona pesa zimekwenda vizuri, ataifunga na kuandika "kwangu inafanya kazi". Tukaiandika upya hivi:

Kichwa: Kubonyeza "Tuma" mara mbili kunatuma pesa mara mbili.
Hatua: 1. Punguza kasi ya mtandao. 2. Jaza jina, namba na kiasi 5,000. 3. Bonyeza "Tuma" mara mbili ndani ya sekunde moja.
Tarajio: Muamala mmoja wa 5,000.
Kilichotokea: Miamala miwili, jumla 10,000. Nimerudia mara tano, imetokea mara tano.
Mahali: Chrome, kompyuta ya Windows. Picha ya skrini imeambatishwa.

Tazama vizuri ripoti hiyo. Ni daftari lake lenye safu tatu, limevaa tai tu. Aliyezoea kuandika tarajio kabla ya kubonyeza anakuwa ameshaandika nusu ya ripoti kabla kasoro haijatokea.

Kisanduku cha saa ndicho kilichonifanya nicheke. Aliingiza 2:00. Kwenye safu ya tarajio alikuwa ameandika: "Pesa ziende saa mbili asubuhi." Fomu ilipanga kuzituma saa nane usiku. Nikamwambia programu haina kosa, hiyo ni saa ya kompyuta. Akaniuliza fomu imeandikwa kwa lugha gani. Nikasema Kiswahili. Akanyamaza, akaningoja nijijibu. Kasoro hiyo nilikuwa nimeificha mimi, nikidhani atapita bila kuiona.

Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa amekamata sita kati ya saba. Moja ya hizo ilikuwa kwenye jina. Nilikuwa nimeandika programu kizembe kwa makusudi, jina likishonwa moja kwa moja ndani ya amri inayopelekwa kwenye hifadhidata. Jina lenye ritifaa, kama Ng'wandu, lilikuwa likivunja kila kitu, kwa sababu katika lugha ya hifadhidata ritifaa ndiyo inayofunga maandishi. Mlango huohuo ndio wezi wanaopitishia amri zao. Dawa yake inajulikana: jina lipelekwe kama data, lisishonwe kwenye amri. Nilirekebisha mbele yake, akajaribu tena, jina likapita. Nikafunga daftari.

"Bado, mjomba."

Akanionyesha safu ya pili. Kwenye tarajio la Ng'wandu alikuwa ameandika mambo mawili: "Jina lihifadhiwe. Nikilitafuta nilipate." La kwanza lilikuwa limetimia. La pili hatukuligusa. Alimsajili mpokeaji kwa simu yake, kisha akamtafuta kwa kompyuta yangu. Hakumpata. Akarudia. Hakumpata.

Nilitazama herufi kwa karibu. Simu yake ilikuwa imeweka ritifaa iliyopinda, ile ya vitabuni. Kibodi yangu iliweka iliyonyooka. Kwa jicho ni Ng'wandu yuleyule, kwa hifadhidata ni watu wawili wasiofahamiana. Hiyo haikuwa miongoni mwa zile saba. Sikuiweka mimi. Ilikuwa yangu ya kweli.

Nikajitetea kama wanaprogramu wote wanavyojitetea. Nikasema hilo ni jambo la kibodi, si la fomu.

"Mwenye jina atajuaje kama simu imempindishia?" akauliza.

Sikuwa na jibu, nikafungua kompyuta kuanza kurekebisha. Yeye hakuningoja. Alifungua ukurasa mpya, akaandika "Ng'wandu, kwa simu na kwa kompyuta" kwenye safu ya kwanza, akajaza ya pili, na ya tatu akaiacha wazi.