Ukoo wa Kukodi

Dadangu anafunga ndoa mwezi wa nane huko Stirling, Uskoti, na wasimamizi wote wa bwana harusi watavaa kilti. Mimi ni mmoja wao. Duka la kukodi nguo likanitumia fomu: kiuno, nyonga, urefu, saizi ya kiatu. Fundi wangu wa mtaani alinipima huku akicheka, ati tangu aanze kushona hajawahi kumpimia mwanaume sketi. Hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa sehemu ya mwisho: chagua tartani ya ukoo wako.

Tartani ndiyo kile kitambaa cha sufu chenye miraba, na kila mpangilio wa rangi una jina lake. Orodha ilikuwa ndefu. Campbell, Gordon, Macdonald, Stewart. Nikashuka nayo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Chini kabisa paliandikwa kwamba asiye na ukoo achukue Black Watch, ya kijani na buluu nzito, kwa kuwa inamfaa kila mtu.

Nilikaa na hiyo fomu wiki mbili. Ndani ya hizo wiki nikarudia kitabu nilichokuwa nimekiacha nusu.

Kitabu chenyewe ni The Invention of Tradition, kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger, 1983. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, mwalimu alituagiza sura ya Ranger, ile ya mila zilizobuniwa Afrika wakati wa ukoloni. Nikatoa fotokopi ya sura hiyo pekee, maana kila ukurasa ulikuwa na bei yake. Muhula uliofuata karo ikanishinda nikatoka. Sura ya Hugh Trevor-Roper kuhusu Nyanda za Juu za Uskoti ilikuwa kwenye kitabu hichohicho, na sikuwahi kuifungua hadi duka la kilti liliponiuliza ukoo wangu.

Hoja yake ni rahisi kueleza. Zamani mtu wa Nyanda za Juu alijizungushia nguo moja kubwa ya sufu, akaifunga kwa mshipi, nusu ikabaki begani na nusu ikaning'inia magotini. Kilti fupi, ile ya marinda, Trevor-Roper anamkabidhi Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye tanuri la chuma, karne ya 18. Hapo wapo wanaombishia. Kwa upande wa rangi za koo ni vigumu zaidi kumbishia. Kiwanda cha Wilsons cha Bannockburn, kilomita chache tu kutoka hapo Stirling dadangu anapoolewa, kilikuwa kinafuma mitindo ambayo mingine ilikuwa na namba tu, jina la ukoo likafuata baadaye. Mwaka 1815 chama cha Highland Society of London kiliwaomba wakuu wa koo watume sampuli za tartani zao. Baadhi yao ilibidi kwanza waulizie ni ipi.

Halafu 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, na wakubwa wakatakiwa kujitokeza na rangi zao. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita wajukuu wa mwanamfalme Charles Edward Stuart wakachapisha Vestiarium Scoticum, kitabu cha tartani ambacho walidai wamekinakili kutoka mswada wa karne ya 16. Mswada hawakuwahi kuutoa ukakaguliwa. Ulikuwa uongo, na tartani kadhaa za kitabu hicho zinavaliwa hadi leo.

Hata lile neno "Ancient" kwenye fomu yangu halimaanishi ya kale. Ni rangi zilizofifishwa ziige rangi za mimea. Ukitaka zilizokolea unaagiza "Modern". Tartani ni ileile.

Nilicheka, sitadanganya. Trevor-Roper anaandika vizuri, na dharau yake ina utamu wa umbea. Halafu nikakumbuka ni nani huyu anayenichekesha. Mwaka 1963 yeye ndiye aliyesema kwamba historia ya Afrika ya kufundisha haipo, iliyopo ni ya Wazungu waliokuja huku, kwingine ni giza. Na mwaka uleule wa 1983, kitabu hiki kinatoka, alizipitisha shajara za Hitler kuwa za kweli, kumbe zilikuwa za kughushi.

Kukosea huko hakumfanyi awe amekosea hapa. Tarehe zake nyingi zinasimama. Ninachokataa ni ile imani yake kwamba akishakuonyesha risiti, mazungumzo yameisha.

Chukua sheria ya 1746. Baada ya vita vya Culloden, serikali iliharamisha vazi la Nyanda za Juu. Mwanaume au mvulana yeyote Uskoti asiye mwanajeshi wa mfalme akipatikana nalo, jela miezi sita. Akirudia, anasafirishwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilifutwa 1782. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Culloden alifika miaka 36 ndipo akaruhusiwa kuvaa alichovaa babake. Na wakati wa ile sherehe ya 1822, kuna wakuu wa koo waliovaa kwa mbwembwe huku wapangaji wao wakifukuzwa mashambani wapishe kondoo. Vazi lilipanda jukwaani wakati wenye vazi wanapandishwa meli.

Mtu akiyajua haya, swali la "ilianza mwaka gani" linakuwa dogo. Swali linakuwa: kwa nini ubunifu mwingine hushika na mwingine hufa?

Sisi tuna mfano wetu. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa baada ya shindano lililodhaminiwa na kampuni. Uliza marafiki zako kama kuna hata mmoja aliyewahi kulivaa. Lilibuniwa kama kilti ilivyobuniwa, na mimi naona halikukosa wabunifu. Lilikosa mtu aliyewahi kulililia. Kilti ilishika kwa sababu chini yake kulikuwa na kitu kilichochukuliwa kweli, hata kama kilichorudishwa hakikuwa kilekile.

Lakini pia nina mfano wa kunipinga. Mwaka jana shemeji alikuja kwetu kwa ruracio. Binamu zangu wakamkodishia nguo za kahawia zilizoshonewa simbi, na usinga wa kushika mkononi. Hakuna mzee aliyekuwa pale aliyewahi kuvaa kitu kama hicho. Mimi nilikuwa tayari kwa aibu. Shosho alimwangalia kuanzia kichwa hadi viatu, akapiga vigelegele, akamshika mkono.

Baadaye nikamuuliza, shosho, si hata hamkuwa mnavaa hivyo?

"Hatukuvaa hivyo," akasema. "Lakini amevaa ndio aje kwetu."

Trevor-Roper hana pa kuweka hiyo sentensi. Kwake vazi ni ushahidi, na ushahidi ni wa kweli au wa uongo. Kwa shosho vazi ni safari, na kitu cha kuuliza ni mtu anaelekea wapi nalo. Ranger mwenyewe alirudi 1993 akapunguza makali ya lile neno "kubuni", kwa sababu lilikuwa likiwafanya Waafrika waonekane watu wa kupokea tu mila zilizotengenezwa na wengine. Nadhani shosho angemwelewa.

Sasa turudi kwa Black Watch, ile inayomfaa kila mtu.

Ukiipima kwa rula ya Trevor-Roper, hiyo ndiyo inayofaulu kuliko karibu zote kwenye orodha. Ina makaratasi. Jina lilianza na vikosi ambavyo serikali iliviweka kuanzia 1725 kulinda Nyanda za Juu, vikaja kuwa kikosi cha jeshi. Jina lake lingine ni tartani ya Serikali. Wakati watu wa kawaida wanafungwa kwa kuvaa miraba, askari wa mfalme waliendelea kuvaa yao, kwa sababu sheria iliwaruhusu. Yaani tartani ambayo haikukatizwa ni ya wale waliotumwa kuwanyamazisha wengine.

Na mwaka 1953 kikosi hicho kilitumwa Kenya, wakati wa Hali ya Hatari, kupigana na Mau Mau. Shosho alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka Majoni, kama walivyowaita askari wa Kizungu. Anakumbuka nyumba yao ikichomwa na familia ikihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki. Hajui walikuwa kikosi gani, na mimi siwezi kusema ni Black Watch. Askari hawakujitambulisha kwa watoto. Ila duka likiniambia hiyo ni tartani isiyo na upande, najua ilikuwa na upande mara mbili: kwao na kwetu.

Nikampigia dadangu. Nikamwambia naweza kuvaa koti fupi jeusi la Prince Charlie, mkoba wa manyoya mbele, hata kile kisu kidogo kwenye soksi, lakini Black Watch siwezi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Wewe unajua mama mkwe ameuliza mara ngapi kwa nini hujachukua yao?"

Yao ni MacLeod wa Lewis. Ni manjano, mistari mizito myeusi, na uzi mwembamba mwekundu. Inang'aa kama mtungi mpya wa maji, na Waskoti wenyewe wanaitania kwa kelele zake. Nikatafuta ilikotoka. Vestiarium Scoticum. Kile kitabu cha uongo.

Nilichagua hiyo. Koo za Nyanda za Juu hazikuwa za damu tu, watu waliotafuta hifadhi kwa mkuu walichukua jina lake. Kwetu pia mtu angeweza kuchinjiwa mbuzi akazaliwa upya katika ukoo usio wake. Ile ya kweli ilikuwa inanipa nafasi ya mtu yeyote. Hii ya uongo kuna mama Stirling anaiulizia kwa jina langu.

Nikamtumia shosho picha kwa simu ya jirani. Akaiangalia muda mrefu, akauliza kama huko kuna baridi na kama magoti yatafunikwa.

Nikamwambia ukweli: inaishia katikati ya goti. Akasema basi nivae soksi ndefu.