Mifereji Thelathini na Sita

Mota iliyoungua huanza kujulikana kwa harufu. Vanishi ya nyaya ikishachomeka huacha harufu kali ya kukwama kooni, na fundi aliyezoea huijua mota ya namna hiyo ikiwa bado iko juu ya toroli. Hii imetoka kwenye mashine ya randa ya karakana ya useremala hapa Bariadi mjini. Ni mota ya zamani ya Kiingereza ya nguvu za farasi 5, mwili wake wa chuma cha kusubu, na imebebwa na watu wawili.

Fundi hagusi spana. Anachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, anasugua kibao cha shaba nyeupe kilichopigiliwa ubavuni, kisha ananakili kila kinachosomeka kwenye daftari lenye madoa ya grisi: volti 415, hezi 50, amperi 7.5, mizunguko 1430 kwa dakika. Hiyo tarakimu ya mwisho inamwambia jambo kubwa. Kwa umeme wa hezi 50, mota yenye ncha nne za sumaku huzungusha uga wake mara 1500 kwa dakika, na rota huufuata kwa nyuma kidogo. Basi 1430 maana yake ncha nne, na mpango mzima wa nyaya ndani ya chuma umeanza kujulikana kabla boliti moja haijalegezwa.

Kufungua nako kuna adabu yake. Kwa patasi ya nukta anapiga alama moja kwenye kifuniko cha upande wa shafti na kwenye mwili mkabala nacho, alama mbili upande wa feni, ili kila kipande kirudi kilikotoka. Beringi zinavutwa kwa pula, polepole, hazipigwi nyundo. Rota inatolewa na mikono minne ikiwa imenyooka, isikwaruze chuma cha ndani. Unga wa mbao umeziba mapezi ya kupozea kiasi kwamba kijana wake anaukwangua kwa bisibisi.

Sasa steta iko wazi, na fundi anainama na tochi. Nyaya zimepangwa kwa matabaka matatu, kila fezi na lake. Matabaka mawili ni meusi kama makaa. La tatu bado lina rangi ya asali.

“Mzee, hii ilikosa fezi moja,” anamwambia mwenye karakana. “Siku ile ilikuwa inanguruma lakini haichapi kazi, au siyo?”

Mzee anakubali kwa kichwa. Fezi moja ikikatika, mota iliyounganishwa kwa nyota huendelea kujikongoja kwa mbili zilizobaki, na hizo mbili hubeba mzigo wote hadi zinaungua. Ingekuwa imeunganishwa kwa delta, ingeungua moja na kubaki mbili nzima. Nimeona watu wenye vyeti wakipima kwa vifaa vya bei kubwa jambo ambalo hapa limesomwa kwa rangi.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika ufundi huu inafuata, nayo haina kelele wala cheche. Kabla hajakata hata waya mmoja, fundi anachora duara kwenye daftari na kuligawa kwa vistari 36, idadi ya mifereji iliyochongwa ndani ya steta. Kisha kwa kijiti anafuata kila koili inapoingia na inapotokea. Zimekaa tatu tatu, moja ndani ya nyingine: kubwa imeingia mfereji wa 1 na kutokea wa 12, ya kati 2 na 11, ndogo 3 na 10. Makundi ya aina hiyo ni 6, mawili kwa kila fezi, koili 18 kwa jumla. Kila koili ina pande mbili, hivyo mifereji 36 inajaa, haubaki hata mmoja. Fezi ya kwanza inaanzia mfereji wa 1, ya pili wa 7, ya tatu wa 13. Mtu fulani katika kiwanda cha Uingereza aliupanga mpango huu miaka mingi iliyopita, na huyu wa Bariadi anamsikiliza bila haraka. Akikosea hapa, shaba yote atakayonunua itakuwa hasara.

Mpango wenyewe una umri mkubwa kuliko mota. Mwaka 1889, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi aliyefanya kazi katika kampuni ya AEG ya Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu yenye rota isiyo na waya wala brashi, na tangu hapo kiini chake hakijabadilika sana. Ndiyo maana fundi mmoja anaweza kupokea mota ya randa leo, ya mashine ya kukoboa kesho, na msimu wa pamba ukifunguliwa apokee za viwanda vya kuchambulia. Mkoa huu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba kwanza, na pamba haichambuliwi bila kitu cha kuzungusha mashine na feni. Umeme ulivyozidi kuingia vijijini, nazo mashine za kusaga zimekuwa zikiacha dizeli na kuhamia kwenye mota. Benchi lake haliwi tupu.

Koili za zamani zinakatwa kwa tindo upande mmoja, usawa na chuma. Kutoa mabaki, wengine hutupa steta nzima kwenye moto wa kuni. Ni njia ya haraka, na ni mbaya. Chuma hicho si kipande kimoja, ni mamia ya bati nyembamba zilizobanwa pamoja, kila moja imetenganishwa na mwenzake kwa utando wa kuhami. Moto mkali ukiula utando huo, mota itapata joto daima hata ikisukwa na malaika. Huyu anapasha kwa moto mdogo, vanishi inalegea, kisha anavuta kwa koleo, kifungu baada ya kifungu. Kifungu kimoja kizima anakiweka kando na kukihesabu: mizunguko 31, nyaya mbili sambamba. Anahesabu kingine. Cha tatu pia. Akishaondoa vanishi kwenye waya kwa msasa mlaini, anaupima kwa maikromita: milimita 1.02, yaani geji 19 ya Kiingereza.

Geji hiyo haipatikani kila siku. Waya wa shaba huuzwa kwa kilo, na mara nyingi huagizwa Mwanza, uje kwa basi kupitia Lamadi. Ikikosekana, fundi hapigi ramli. Anakokotoa eneo la mkato wa waya, akijua kwamba waya wenye kipenyo mara mbili una eneo mara nne, kisha anachanganya geji mbili zinazokaribia jumla ile ile.

Mifereji inasuguliwa hadi chuma king’ae, kisha inavikwa karatasi ya kuhami. Kila kipande kinakatwa kirefu kidogo kuliko mfereji na kukunjwa ncha zake, ili kisiteleze kikaacha ukingo wa chuma uchi. Ukingo huo ni mkali, na mkwaruzo mmoja kwenye waya unatosha kuirudisha mota hapa baada ya mwezi.

Koili zinasukwa nje kwanza, kwenye kalibu ya mbao yenye ngazi tatu iliyofungwa kwenye mashine ya mkono. Fundi anazungusha mpini, mkono wa kushoto ukielekeza nyaya mbili zilale bega kwa bega. Jirani anaingia na kusalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka!” Anajibiwa, “Kumi na tisa.” Jirani anaketi kusubiri. Amezoea.

Kuingiza koili ndiko kunakokula siku. Mdomo wa mfereji ni mwembamba, hivyo kifungu hakiingii kwa pamoja. Nyaya zinapitishwa chache chache, zikitandazwa kwa vidole na kusukumwa kwa kipande cha mwanzi kilicholainishwa. Bisibisi hairuhusiwi karibu. Mkazo ukizidi, hatii nguvu: anatoa nyaya tatu nne, anazinyoosha, anaanza tena. Mfereji ukijaa, karatasi inakunjwa juu na kufungwa kwa kabari ya mwanzi. Tabaka la kwanza linasukumwa nyuma kwa nyundo ya mpira, karatasi ya kutenganisha fezi inawekwa, ndipo la pili, kisha la tatu. Vichwa vya koili vinafungwa kwa uzi wa pamba, fundo kila penye mfereji, navyo vinakaa mviringo uliosawazika ambao hakuna mteja atakayeuona kifuniko kikisharudi.

Miunganisho inakwanguliwa, inasokotwa, inalehemiwa kwa risasi na kuvikwa slivu. Mega ya volti 500 inaonyesha kwamba hakuna fezi inayogusa mwili wala mwenzake. Kisha anatia umeme mdogo wa transfoma kwenye steta isiyo na rota na kudondosha ndani gololi ya beringi kuukuu. Gololi inayumba, halafu inashika mbio kuzunguka ukuta wa chuma, mfululizo. Kundi moja lingeungwa kinyume, ingekwama na kutetemeka. Vanishi inamiminwa, steta inageuzwa ichuruzike, inakaushwa kwa joto la balbu kubwa ndani ya pipa.

Karakanani mota inafungwa na kuwashwa tupu. Klampu inasoma amperi 3.2, 3.3, 3.2. Roli ya randa inazunguka kinyume. Fundi anabadilishana nyaya mbili kati ya tatu, inakaa sawa. Mzee anataka kuingiza ubao, lakini anaombwa asubiri. Fundi amefungua kisanduku cha fyuzi. Katika matundu mawili kuna waya mnene wa shaba uliosokotwa na mtu aliyechoka kununua fyuzi, na la tatu lina fyuzi halali iliyokatika. Ovalodi nayo imewekwa kwenye 12. Anatoa nyaya zile, anaweka fyuzi tatu za aina moja, anazungusha ovalodi hadi 7.5, kisha anamwita kijana wa mzee aje aone inavyosomeka, na kumwambia airudie namba hiyo kwa sauti.