Jibu Lisiporudi: Kupima Nyaraka za Maombi ya Mtandao

Wengi wetu tunaotengeneza programu huzipima nyaraka za maktaba kwa mfano wa kwanza. Ukiwa mfupi na ukifanya kazi, tunaridhika. Mazoea haya yana sababu. Mwaka 2011 Kenneth Reitz alipotoa Requests, maktaba ya Python ya kutuma maombi kwenye seva, watu walikuwa wakihangaika na urllib2, ambayo hata kupeleka jina na nywila kulitaka mistari kadhaa. Requests ilimaliza kazi hiyo kwa mstari mmoja, na maelezo yake yaliandikwa kama mtu anayemwelekeza mwenzake. Sifa ilizopata ilizistahili. Hata hivyo, mfano wa kwanza huonyesha siku njema tu, siku ambayo mtandao upo na seva inajibu. Ubora wa nyaraka hujulikana siku mbaya.

Zipe kazi ya Kilosa uone. Mji huo wa Tanzania uko kwenye bonde la Mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwahamisha maelfu ya watu na kuharibu Reli ya Kati. Programu ndogo ya kuuliza utabiri wa mvua ina maana kubwa hapa. Huduma ya Open-Meteo hutoa utabiri bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, tena bila ufunguo. Mfano wake maarufu ni wa Berlin: 52.52 na 13.41. Kilosa iko karibu na latitudo 6.83 kusini na longitudo 36.99 mashariki. Anayenakili mfano huo na kubadili tarakimu tu, akasahau alama ya kutoa mbele ya 6.83, hatapata onyo lolote. Seva itamletea mvua ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na namba zitaonekana sahihi kabisa. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta ni mfano wa mahali palipo kusini mwa ikweta. Usipokuwepo, mwandishi hakumfikiria msomaji wa huku.

La saa ni hivyo hivyo. Usipotaja ukanda wa saa, Open-Meteo hujibu kwa GMT. Mvua iliyoandikwa 12:00 ni ya saa tisa alasiri Kilosa, si ya saa sita mchana. Maelezo bora huweka Africa/Dar_es_Salaam, au ukanda mwingine wowote, ndani ya mfano wenyewe, ili anayenakili anakili na tahadhari.

Sasa nenda Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhi ya taifa kwa kilomita zipatazo 50. Programu iliyo kwenye simu ndani ya basi lazima itarajie mtandao kukatika. Requests haina ukomo wa kusubiri usipouweka mwenyewe. Seva ikinyamaza, programu nayo inaweza kuganda. Nyaraka zake zinalisema hilo waziwazi, lakini mfano wa mwanzo unapita bila ukomo, na mfano ndio unaonakiliwa. Fetch ya vivinjari ina mtego mwingine: seva ikijibu 404 au 500, kwayo ombi limefanikiwa, mpaka wewe ukague hali ya jibu. Onyo la namna hii likiwekwa mbali na mfano, nahesabu kasoro kubwa.

Kwenye malipo ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Chukua nyumba ya wageni Mikumi inayotuma ombi la kumtoza mgeni kwa simu, kisha mtandao unakatika kabla ya jibu. Je, fedha imekatwa? Kusoma utabiri mara mbili hakuna hasara. Kutoza mara mbili ni kumwumiza mtu. Nyaraka zinazofaa hueleza ombi lipi linaweza kurudiwa kwa usalama, namba gani ya kumbukumbu uiambatishe ili seva itambue kwamba ni ombi lile lile, na namna ya kuuliza hali ya muamala uliobaki njiani. Kurasa zenye rangi nzuri zisizo na mambo haya matatu hazinisaidii chochote.

Angalia pia kama zinasomeka bila bando. Nyaraka za Python zenyewe hupakuliwa zote kwa pamoja, na amri ya help huonyesha maelezo ya kazi yoyote papo hapo, bila intaneti. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, hiyo ni sehemu ya ubora.

Ukikuta huduma ya malipo ambayo nyaraka zake hazisemi la kufanya jibu lisiporudi, waandikie wahusika uwaulize. Wasipokujibu kwa maandishi, usiunganishe fedha za wateja wako na huduma hiyo.