Bao Zuri Liko Shimoni

Katika ukumbi wa hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya Kunduchi, bao limetundikwa ukutani kama picha. Pembeni pamechongwa tembo wanne, weusi wake unang'aa, na kikaratasi chini yake kinasema ni mpingo, ni la kale, ni kazi ya mikono. Wageni wanalipiga picha. Wenyeji wenye uwezo, wale wanaotafuta kitu cha kuwekea akiba badala ya kiwanja kingine huko Mapinga, wanaulizia bei, na mmoja wao alisikika akiliita bao bora kuliko yote aliyowahi kuyaona pwani hii. Mtu aliyekulia barazani hahitaji hata kuligusa. Nyumba mbili zimechongwa zikitazamana.

Nyumba, yale mashimo mawili ya mraba, hazitazamani. Kila mchezaji huihesabu yake ya tano kutoka mkono wake wa kushoto, na kwa kuwa wawili hao wameketi wakikabiliana, nyumba hukaa mshazari, zimepishana kwa shimo moja. Mchongaji aliyeziweka uso kwa uso hajawahi kutandaza kete sita nyumbani na mbili mbili kuliani kwake. Amechonga umbo la bao, na aliyelisifu amesifu tembo.

Kosa hilo limeenea kuanzia vibanda vya Mwenge hadi maduka ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na linaudhi kwa sababu linamgharimu fundi wa kweli. Mnunuzi akishalipa fedha nyingi kwa pambo, hana tena macho ya kuliona bao. Wapo hata wanaouziwa bao la omweso la Waganda, mashimo thelathini na mawili yote ya duara, wakaambiwa ni la Kiswahili cha zamani. Omweso ni mchezo wenye heshima yake na kete sitini na nne kama zetu. Ila nyumba hauna.

Kuhusu mbao, neno ni fupi: mninga. Mninga ukikauka hautikisiki, haupindi, nao una uzito wa kutosha kulifanya bao litulie chini bila kumvunja mgongo anayelibeba. Mkongo unafuata, mzito zaidi na mgumu kwa patasi, lakini bao lake huwafikia wajukuu. Mvule unakubalika. Mwembe ni mbao ya mazoezi. Wadudu huingia mapema, na unga mweupe ukianza kudondoka chini ya bao hakuna dawa ya kulirudisha.

Mpingo ndio unaowaponza wengi. Mti huu hukua polepole mno, miaka sabini na zaidi kabla ya kufaa kukatwa, tena hukua mwembamba, umejikunja, na mara nyingi moyo wake una uwazi. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya huutaka kwa vipande vifupi vya klarineti na obo. Ubao wa mpingo wenye upana wa kubeba safu nne, usio na ufa wala utepe wa ubao mweupe wa nje, ni nadra kiasi kwamba bao kubwa jeusi tii linapaswa kumtia mtu shaka kabla ya kumtia hamu. Aligeuze, atafute sehemu ya chini ambayo haikushughulikiwa, akwangue kwa ukucha. Rangi ya viatu hutoka. Kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa kitamaliza ubishi. Mpingo wa kweli ni mzito hata kipande chake huzama majini, na mkono uliowahi kuubeba haukosei. Anayetaka kuusafirisha akumbuke pia kwamba tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES.

Hayo yote bado ni ya nje. Bao liko shimoni, na hapo ndipo mnunuzi mgeni hapeleki kidole.

Shimo lina mdomo, kuta na kitako. Mdomo ndio unaoonekana, kwa hiyo hata mchongaji mvivu huusafisha. Kuta zinapaswa kushuka kwa mteremko wa bakuli, si wima kama kikombe, ili kete iliyoangushwa iteleze hadi chini na kubaki huko. Kisha kitako. Kitako kizuri hukusanya. Weka kete nne katika shimo lililochongwa vizuri, nazo zitasogeleana zenyewe katikati. Ingiza vidole vya mkono mmoja, uzizoe kwa mkupuo mmoja, na hakuna itakayobaki nyuma. Katika shimo lenye kitako bapa kete hutawanyika, mbili huku na mbili kule, na ile inayokimbilia kwenye kona kati ya ukuta na kitako humlazimu mchezaji kuikwangua kwa kucha. Kufika hapo mchezo umeshakatika.

Jambo hili haliwezi kufahamika bila kumtazama bingwa. Macho yake hayako kwenye shimo analozoa. Yameshafika mbele, yanahesabu kete itaishia wapi, italala au itakula, na kama akila atasambaza kutoka kichwa kipi, yaani shimo lipi la mwisho la safu ya mbele. Mholanzi Alex de Voogt alipochapisha mwaka 1995 kitabu chake kuhusu ubingwa wa bao, alikihusisha na mipaka ya akili ya binadamu, na mtu yeyote aliyekaa pembeni ya baraza la Zanzibar au Bagamoyo ameuona ubingwa huo ukipita mkononi kwa kasi isiyoelezeka. Mkono wa namna hiyo hufanya kazi gizani. Shimo likiwa na kona, au moja likiwa na kina kuliko jingine, bingwa hulazimika kurudisha macho chini, na hesabu ya mizunguko mitatu aliyokuwa ameishika inamtoka. Bao baya humfanya bingwa acheze kama mwanafunzi.

Kwa hiyo shimo hupimwa hivi. Mtu afumbe macho, apitishe kidole cha shahada ndani ya mashimo yote, safu kwa safu. Asikie kina kimoja. Akikuta kitone kidogo kilichozama katikati ya kitako, hiyo ni alama ya ncha ya drili. Shimo limetobolewa kwa mashine, kisha likalainishwa kwa msasa ili lipite kama la mkono. Shimo la patasi ya mdomo wa duara huacha mawimbi hafifu yanayofuata mzunguko, hayaonekani kwa jicho lakini kidole huyasoma. Fundi mzuri hayafuti yote. Bao lililopigwa msasa hadi ndani likawa kama sahani ya udongo halifai, hata kama limechongwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho.

Nyumba ndiyo mtihani wa mwisho, kwa sababu pembe nne ni ngumu kuliko duara. Mdomo wake uwe mraba kamili, lakini kadiri kuta zinavyoshuka pembe zilegee, hadi kitako kiwe cha mviringo kama cha mashimo mengine. Fundi asiyeweza hilo huchonga shimo la duara, kisha huchora mraba juu kwa mstari wa patasi. Ni udanganyifu mdogo, na ni wa kawaida kupita kiasi. Nyumba pia iwe na tumbo: mchezaji anayeilea nyumba yake katika namu, awamu ya kwanza ya mchezo, anaweza kulimbikiza humo kete nyingi, na nyumba isiyomeza kete ishirini bila kutapika haistahili jina.

Uzee nao una elimu yake, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Walaghai wanajua kulifukiza bao juu ya moshi wa jiko, kulipaka chai ya rangi, kulizika kwenye mchanga mbichi kwa wiki kadhaa, kisha kuzilainisha kingo zote kwa msasa. Linatoka limechoka, na limechoka sawasawa kila mahali. Bao lililochezwa halichakai hivyo. Kete zinazoliwa huanza kusambazwa kutoka kichwa, basi vichwa vinne huwa vimelika midomo kuliko mashimo ya katikati. Safu za mbele, zinazokula na kuliwa, zinang'aa kuliko safu za nyuma. Na mdomo wa shimo hulika zaidi upande wa mchezaji, kwa sababu vidole huzoa vikija kwake. Bao la miaka arobaini barazani lina ramani yote hiyo, na hakuna mlaghai mwenye subira ya kuichora. Mkusanyaji atafute bao lililochakaa kwa upendeleo.

Kete zisisahaulike. Bao la thamani huuzwa na kete zake, na kete ni komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe, mmea wa miiba unaojiotea kwenye vichaka vya ufukweni. Komwe ina sauti kavu, tulivu, inayomwambia mtu aliye barazani mchezo umefikia wapi hata kama amegeukia kahawa yake. Gololi hazikubaliki kabisa. Zinateleza, zinapiga kelele, na huacha makovu kwenye vitako. Bao la zamani lililochezewa gololi hushuka thamani, na anayebisha aweke sikio.

Zamani maswali haya yasingeulizwa. Baraza liliagiza bao kwa fundi anayejulikana, mara nyingi mtu aliyezoea tezo katika kuunda madau na majahazi, naye alilichonga akijua ni nani watakaolikalia. Bao likiwa na kasoro aliambiwa mbele za watu, alasiri hiyohiyo, na wazee ambao hawakuwa na haja ya kumfurahisha. Ukali huo ndio uliozaa mabao mazuri. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, na enzi hizo haikuwa ajabu kumkuta mkubwa wa serikali na mvuvi wakigombea namu moja. Leo vijiwe vingi vina meza ya pool, vijana wanabishania fimbo na chaki, na bao limesogezwa chini ya mwembe kwa wazee wachache. Mchongaji amepoteza wakosoaji wake, na mteja aliyebaki anatazama tembo.

Kwa anayetaka kukusanya kwa akiba ya miaka mingi, ushauri wa kwanza ni kuacha kununua kwa mwaka mzima na kwenda kucheza. Aketi Dunda au Pangani alasiri, afungwe mara mia, mkono wake ujifunze. Akianza kununua, aandike kila kitu: mbao gani, fundi nani, baraza gani, limekaa wapi miaka mingapi. Bao lenye historia iliyoandikwa litauzwa kwa mtu makini; lisilo nayo litauzwa kwa mpambaji wa ukumbi. Asilipake vanishi kamwe. Mafuta ya nazi kidogo, kwa kitambaa, mara mbili kwa mwaka, yanatosha. Asiliweke chini ya kiyoyozi, kwa sababu mbao iliyozoea hewa ya bahari hupasuka ikikaushwa ghafla, wala asilitundike. Na kabla ya kulivusha bao kongwe mpakani, aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, maana sheria ya mwaka 1964 hairuhusu vitu vya kale na vya kimila vinavyolindwa kutolewa nchini bila leseni.

Bao jipya la fundi mzuri ni akiba bora kuliko bao kongwe la kutiliwa shaka. Fundi wa namna hiyo huwa na gogo la mninga lililokaa kivulini mwaka au zaidi, naye hatamuuliza mteja anataka wanyama gani. Atamuuliza anacheza na nani. Malipo yakubaliwe mapema, haraka isiwepo, na siku ya kulichukua mteja aende na kete zake mfukoni, aketi na fundi, wacheze mchezo mmoja hadi mtaji, awamu ya pili, shimo lenye kasoro lijitokeze na lirekebishwe palepale patasi ikiwa karibu.

Kete aziokote mwenyewe ufukweni, Mlingotini au njia ya Saadani, azichague zinazolingana ukubwa. Azihesabu sitini na nne, kisha aongeze nne au tano za akiba, maana watoto huzichukua.