Uzito na Mvutano: Watazamaji wa "Gravity" na Kipimo cha Ukweli

Hadithi ikisha, msikilizaji huuliza: je, jambo hili laweza kuwa? Swali hili ni la kale, lakini haliulizwi kwa ukali mmoja kwa kila hadithi. Asikiaye kwamba sungura alimhadaa simba hapingi, maana ajua yumo katika nchi ya ngano. Lakini nahodha akisimuliwa kwamba jahazi lilitweka tanga Lamu likaenda Maskati kwa pepo za kaskazi, atamkatiza msimulizi papo hapo, kwa kuwa ajua kwamba kaskazi humleta mtu kutoka Arabuni wala haimpeleki. Hapingi kwa kuwa ni adui wa hadithi. Apinga kwa kuwa hadithi imeingia katika bahari yake.

Hali hiyo ndiyo iliyowapata watazamaji wa picha ya sinema iitwayo Gravity, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón, mzaliwa wa Meksiko, na kutungwa naye pamoja na mwanawe Jonás. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Venice mwezi wa Agosti 2013, ikafika katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Ilichuma zaidi ya dola milioni 700, na mwezi wa Machi 2014 ikapewa tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ni ya uongozaji. Basi haikukosa watazamaji wala haikukosa sifa. Lililo la kuangaliwa hapa ni namna watazamaji hao walivyogawanyika, na funzo ambalo mgawanyiko huo wawapa wahakiki wa fasihi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Daktari Ryan Stone, aliyeigizwa na Sandra Bullock, yuko nje ya chombo akiitengeneza darubini ya Hubble. Pamoja naye yuko mwanaanga mzoefu Matt Kowalski, aliyeigizwa na George Clooney. Warusi waipiga kwa kombora setilaiti yao wenyewe. Vipande vyake vyazivunja nyingine, na mvua ya vyuma yakiangamiza chombo cha hao wawili. Wajaribu kukifikia kituo cha kimataifa. Kowalski apotea njiani. Stone aendelea hadi kituo cha Wachina, na kutoka huko arudi duniani. Yote hayo yamalizika katika dakika 91.

Mashahidi wa kwanza wa kusikilizwa ni wale waliopata kufika huko. Buzz Aldrin, aliyetembea juu ya mwezi mwaka 1969, aliusifu sana ufundi wa kuonyesha watu wakielea, ila alisema kwamba wanaanga wa kweli hawakuwa na maskhara mengi kama hao wawili. Michael Massimino, aliyeifikia Hubble mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2009, alistaajabu kuona katika picha hiyo hata koleo la kukatia nyaya lililo sawa na lile alilolitumia yeye kazini. Kwa watu hao, ukweli ulikuwa katika mkono na chombo: uzi, skrubu, kamba, namna mtu ashikavyo ukuta asipeperuke.

Shahidi wa pili ni mtaalamu wa nyota, Neil deGrasse Tyson, aliyetoa orodha fupi ya makosa mwezi wa Oktoba 2013. Aliuliza kwa nini daktari wa watu apelekwe kutengeneza darubini. Kwa nini nywele za Stone hazielei hali kila kitu kingine chaelea. Kwa nini vipande vya setilaiti vitoke mashariki kwenda magharibi, hali setilaiti karibu zote huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Na vipi Hubble na vituo viwili vionekane kwa jicho moja kama nyumba za mtaa mmoja. Kwa kweli Hubble wakati huo ilikuwa kilomita 550 hivi juu ya ardhi, na kituo cha kimataifa kiko kilomita 400 hivi. Tena njia ya ya kwanza imeinama digrii 28.5 kutoka ikweta, na ya pili digrii 51.6. Mtu mwenye mtungi mdogo wa gesi mgongoni hawezi kuvuka kutoka njia moja hadi nyingine. Hata hivyo, mtaalamu huyo alieleza baadaye kwamba aliipenda picha hiyo, na kwamba kuonekana imestahili kupimwa kwa mizani ya elimu ni heshima kwake.

Kundi la tatu ni watazamaji wa kawaida, ambao wengi wao walijibu kwa neno moja: hii ni sinema tu. Jibu hilo lina upole, lakini halitoshi. Kila utungo hufanya mapatano na wasikilizaji wake mwanzoni. Mtunzi wa utenzi huanza kwa jina la Mungu, akaomba wino na karatasi, na kwa hayo wasikilizaji wajua ni mlango gani wanaoingia. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, wasimulia mapigano makubwa kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali. Nao wanahistoria wasema kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila ya kupigana na Warumi. Hakuna msikilizaji aliyeusikia utendi huo akadai kurudishiwa haki yake, kwa kuwa mapatano yake ni ya imani na ushujaa, si ya tarehe. Picha ya Cuarón ilifanya mapatano mengine. Yaanza kwa maandishi yatoayo habari za joto na baridi ya huko juu, na kwamba hakuna hewa ya kuchukua sauti. Kisha yaitimiza ahadi hiyo: vyombo vyapasuka kimya, na mtazamaji asikia tu kile kipitacho katika vazi la mwanaanga, pamoja na muziki wa Steven Price. Aliyejifunga kwa mapatano kama hayo hawezi kuwaambia wanaompima kwamba wamekosa adabu.

Lakini wapimaji nao walikosea katika jambo moja: waliyahesabu makosa yote kama sarafu za thamani moja. Sivyo. Yako makosa yaliyo nje ya jicho la mtazamaji na ambayo kisa hakiwezi kwenda bila ya hayo. Kuweka vituo karibu karibu ni kosa la namna hii. Ni sawa na mtunzi kukusanya safari ya miezi katika beti mbili. Yako pia makosa yaonekanayo, lakini yaletayo maana. Stone aliapo, chozi lamtoka shavuni likaelea kuja mbele ya mtazamaji. Mwaka huo huo wa 2013, kabla ya picha kutoka, mwanaanga Chris Hadfield alikuwa ameonyesha kutoka kituo cha kimataifa kwamba chozi halitoki; hujikusanya jichoni kama tone nene la maji likagandamana na ngozi. Kosa hilo laweza kusamehewa, kwa sababu halibadili lolote katika mambo yatendwayo. Laonyesha tu huzuni kwa mfano.

Kosa la tatu ni la namna nyingine. Stone amenaswa mguu katika kamba za mwavuli wa chombo cha Soyuz, naye amemzuia Kowalski kwa ukanda. Kowalski aona kwamba kamba zinateleza na kwamba yeye atamponza mwenziwe. Basi ajifungua, akaenda zake kufa. Tyson na wengine walionyesha kwamba watu hao wawili wakiisha kusimama, hakuna kani ya kumvuta Kowalski. Mvuto mdogo wa mkono ungemrudisha. Wako waliomtetea mwongozaji, wakisema kwamba kamba zilikuwa bado zanyooka na mwendo haujaisha. Huenda, lakini mtazamaji huhukumu kwa alionalo, na alionalo ni watu wawili waliotulia. Hapa kosa halikugusa pambo bali nguzo. Kujitoa mhanga kwataka dharura. Mtu ajitupaye baharini ili kuiokoa mashua isiyozama hakuwa shujaa, ingawa nia yake ilikuwa njema. Na maisha yote ya Stone baada ya hapo yasimama juu ya kifo hicho.

Kwa nini basi watazamaji wengi hawakulisikia kosa hilo? Kwa sababu tendo lile limeazimwa kutoka duniani: ni picha ya mtu aning'iniaye kwenye genge, na mwenziwe juu amshika kwa kamba. Macho yameizoea mno hata hayaulizi. Katika kisa kilichojengwa juu ya kukosekana kwa uzito, mwongozaji aliupandisha uzito huko juu kwa siri, penye haja yake kubwa kuliko zote. Huo ndio upungufu wa kweli wa kazi hii. Nywele za Stone hazifiki hapo.

Pamoja na hayo, hukumu ya watazamaji juu ya yawezekanayo si mizani ya kuaminiwa siku zote. Ron Howard, aliyeongoza picha ya Apollo 13 ya mwaka 1995, amesimulia kwamba katika onyesho la majaribio mtazamaji mmoja aliulaumu mwisho wa picha, akaona kwamba watu wale wasingeweza kupona. Na hali wanaanga hao watatu, Lovell, Swigert na Haise, walipona kweli mwezi wa Aprili 1970. Jambo lililotokea lilionekana uongo, kwa kuwa lilifanana na uongo wa kawaida wa sinema. Kinyume chake, kombora la Warusi katika Gravity lilionekana kwa wengine kuwa hila ya mtunzi. Lakini mtaalamu Donald Kessler alikwisha kuonya pamoja na mwenziwe mwaka 1978 kwamba vipande vya setilaiti vyaweza kuzaa vipande vingine bila ya kikomo. Mwezi wa Novemba 2021 Urusi iliivunja kwa kombora setilaiti yake iliyokuwa imechakaa, na watu wa kituo cha kimataifa wakakimbilia vyombo vyao vya kurudia. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba yaonekana ni sehemu ya roketi. Mtazamaji wa Makueni aitazamaye picha hiyo leo hataiita hila.

Kuna sehemu nyingine iwapasayo zaidi watu wa lugha. Stone, akiwa peke yake katika Soyuz, apata sauti ya mtu katika redio. Mtu huyo ni mvuvi wa Greenland, Aningaaq, naye asema Kigreenland tu. Hakuna tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Mtazamaji asiyejua lugha hiyo awekwa mahali pa Stone hasa: asikia mbwa wakibweka, mtoto akilia, na wimbo wa kumbembeleza, naye aelewa kila kitu isipokuwa maneno. Jonás Cuarón alitengeneza picha fupi ionyeshayo upande wa pili wa mazungumzo hayo, na huko yaonekana kwamba mvuvi alikuwa akizungumza habari za mbwa wake. Hakuna aliyelaumu jambo hili katika orodha za makosa, wala halikustahili lawama. Hapa ukweli umetimizwa kwa kumnyima mtazamaji tafsiri, jambo ambalo watunzi wachache huthubutu.

Labaki jina. Atakayeitafsiri picha hii kwa Kiswahili atakuwa na maneno mawili mbele yake. Mvutano ndio neno la vitabu vya elimu, na kwa elimu ndilo sahihi: kwenye kimo cha Hubble mvutano wa dunia ungali asilimia 85 hivi ya ule wa ardhini, na wanaanga huelea kwa kuwa wao na chombo chao waanguka pamoja wakiizunguka dunia. Mvutano haukutoweka, kilichotoweka ni uzito. Kiswahili chaweza kutenga mambo hayo mawili waziwazi. Tena mvutano ni neno la watu wanaogombana, na uzito ni wa mwili na wa jambo pia. Stone alifiwa na binti yake mdogo, aliyeteleza shuleni akaanguka na kujigonga kichwa. Mama aliyeyaona hayo akimbilia mahali ambapo hakuna kianguka. Na mwisho wa picha, akitoka ziwani kwa kutambaa, ajiinua juu ya miguu itetemekayo na kuuchukua tena uzito wake. Jina lifaalo, basi, ni Uzito.

Kwa kipimo hicho hata hukumu juu ya kamba ya Kowalski yapata mahali pake. Mhakiki asihesabu makosa ni mangapi, bali aangalie yamekaa wapi katika kisa. Nahodha aliyemkatiza msimulizi juu ya kaskazi alikuwa na haki iwapo safari ndiyo kisa. Kama kisa ni harusi iliyongoja Maskati, angaliweza kunyamaza mpaka mwisho, kisha akamnong'oneza jina la upepo ufaao.